Chanjo ya Mbuzi wa Bukirasazi: Nani Alipe, Lini, na kwa Ugonjwa Upi?

Desemba 2017 mbuzi walianza kufa katika vilima vya katikati ya Burundi. Macho yalitoa machozi mazito, pua zikaziba kwa kamasi, vinywa vikajaa vidonda, kisha ukaja mharo uliowamaliza wengi kwa siku chache. Maabara ilithibitisha kuwa ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Kwa muda mfupi ugonjwa ulikuwa umeingia mikoa mitano: Gitega, Karuzi, Mwaro, Muramvya na Kirundo. Mbuzi zaidi ya 4,000 walikufa. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba virusi vile vilikuwa vya ukoo wa tatu, vinavyofanana kwa karibu na vilivyokwisha kupatikana Kenya mwaka 2011 na Uganda mwaka 2012.

Maana yake ni kwamba ugonjwa huu ulikuwa ukizunguka Afrika Mashariki kwa miaka kabla ya kubisha hodi Gitega. Kenya na Uganda ziliupata kati ya 2006 na 2007, Tanzania ikauthibitisha mwaka 2008. Chanjo ilikuwapo, ya bei nafuu, na dozi moja humkinga mnyama kwa miaka isiyopungua mitatu. Hata hivyo mbuzi wa Burundi waliupokea ugonjwa bila kinga.

Ni rahisi kusema kwamba ulikuwa uzembe. Ni vigumu zaidi, na kuna faida zaidi, kuuliza swali lenyewe kwa hesabu: mkulima wa tarafa ya Bukirasazi, kusini mwa mji wa Gitega, mwenye mbuzi watatu au wanne, anapata nini akigharimia kinga ya ugonjwa ambao huenda usifike kwake? Serikali yenye fedha haba inapata nini? Na mkulima wa Muyinga, mkoa unaopakana na Karuzi na Kirundo lakini haukuwamo katika orodha ya mikoa mitano, alipaswa kulipia chochote? (Majina ya mikoa na tarafa hapa ni ya kabla ya mageuzi ya 2025, yaliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5.)

Msimamo wa makala hii ni huu: kinga ya magonjwa ya mifugo, ukiijumlisha kwa nchi nzima na kwa miaka mingi, mara nyingi huleta faida kuliko gharama. Lakini gharama humwangukia mtu mmoja leo, na faida hugawanyika kwa watu wengi kesho. Kwa hiyo kujua tu kwamba kinga inalipa hakutoshi. Lazima tuseme ni kinga ya ugonjwa upi, ifanywe lini, na mfuko wa nani utoe fedha.

Anachopoteza mtu mbuzi anapokufa

Hesabu nyingi za hasara huishia kwenye bei ya mnyama sokoni. Kwa mji ambako mbuzi ni nyama tu, hilo laweza kutosha. Katika eneo la Kirimiro, ambako Bukirasazi imo, mnyama ana kazi nyingine kubwa kuliko nyama: samadi. Mashamba ni madogo, yamegawanywa kizazi baada ya kizazi, na udongo wa miteremko umechoka. Mahindi, maharage, ndizi na kahawa hutegemea kile kinachotoka zizini. Familia iliyopoteza mbuzi wake Desemba ilihesabu hasara ya pili msimu wa mavuno, shambani, mahali ambapo hakuna ofisa wa mifugo anayekwenda na daftari.

Mbuzi pia ni akiba. Huuzwa mtoto anapolazwa, ada ya shule inapodaiwa, au chakula kinapokwisha kabla ya mavuno. Kwa mwenye akaunti benki, hasara ya mali fulani ni hasara ya mali hiyo. Kwa asiye na akaunti, kifo cha mbuzi watatu ni kufungwa kwa mlango pekee wa fedha za dharura, na dharura inayofuata humlazimu kuuza kipande cha shamba au kukopa kwa masharti mabaya.

Kuna jambo la tatu, la kipekee kwa Burundi ya baada ya vita. Vita vilivyoanza 1993 viliangamiza sehemu kubwa ya mifugo. Miradi ya kuijenga upya sekta, ukiwamo ule wa PARSE uliofadhiliwa na IFAD, ilizipa kaya maskini wanyama kwa utaratibu wa mnyororo wa mshikamano: anayepewa mnyama humtoa mzao wa kwanza kwa jirani, naye jirani hufanya hivyo hivyo. Ni utaratibu mzuri, na umeziinua kaya nyingi. Lakini mnyororo huo hufanya kifo cha mbuzi mmoja kuwa hasara ya watu ambao bado hawajapokea chochote. Na kwa kuwa unasafirisha wanyama kutoka kilima hadi kilima, unaweza kusafirisha ugonjwa vilevile, iwapo wanyama hawakuchanjwa na kutengwa kwanza. Mradi wowote unaogawa mifugo bila kutenga fedha za kinga unawakabidhi maskini mali pamoja na hatari yake.

Kanuni ya hesabu

Wachumi wa afya ya mifugo wana kanuni moja ya msingi: gharama ya ugonjwa ni jumla ya vitu viwili, yaani hasara inayoletwa na ugonjwa na fedha zinazotumika kuuzuia. Ukiongeza fedha za kinga, hasara hupungua. Lakini kila shilingi inayoongezwa hupunguza hasara kidogo kuliko ile iliyotangulia. Shabaha ni kufika pale ambapo jumla ya viwili hivyo ni ndogo kuliko kokote. Mara nyingi hapo mahali pana ugonjwa kidogo uliobaki, kwa sababu kuuondoa wote kungegharimu kuliko madhara yake.

Hii ndiyo sababu msemo kwamba kinga ni bora kuliko tiba hautoshi kuongoza bajeti. Kinga fulani ni bora. Nyingine ni ghali kuliko ugonjwa wenyewe.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa tarakimu za kufikirika, ili tuone jinsi kanuni hiyo inavyofanya kazi kilimani. Tuseme mbuzi mmoja ana thamani ya faranga 100,000. Tuseme sotoka hukifikia kilima husika mara moja kila miaka 20, na ikifika huua nusu ya mbuzi wasiochanjwa. Hasara ya wastani kwa mbuzi mmoja kwa mwaka ni nusu ya sehemu moja ya 20, yaani asilimia 2.5 ya thamani yake: faranga 2,500. Chanjo inakinga kwa miaka mitatu, lakini mbuzi wengi huuzwa au kuchinjwa kabla ya hapo. Tuseme kwa wastani mbuzi aliyechanjwa hubaki zizini miaka miwili. Thamani ya sindano moja ni faranga 5,000.

Basi ikiwa gharama yote ya kuifikisha dozi kwenye shingo ya mbuzi huyo iko chini ya faranga 5,000, kuchanja kunalipa. Ikizidi, hakulipi. Mlipuko ukija kila miaka 10, kikomo kinapanda hadi 10,000. Ukija kila miaka 40, kinashuka hadi 2,500. Mfano huu unatufundisha mambo mawili. La kwanza, jibu linategemea sana uwezekano wa ugonjwa kufika, na uwezekano huo haufanani kwa kilima kilicho mbali na barabara na kwa kilima chenye mnada wa kila wiki. La pili, tumehesabu kifo peke yake. Tukiongeza mimba zilizotoka, uzito uliopotea, samadi iliyokosekana na bei ya hofu, pale watu wote wanapouza kwa pamoja, kikomo kinapanda tena.

Hiyo bei ya hofu inastahili kutazamwa. Mfugaji anayemwona mbuzi wake akilegea hujua kwamba mnyama hai ana bei na mzoga hauna. Humkimbiza sokoni. Kwake ni uamuzi wa busara. Kwa kila mtu mwingine ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuusafirisha ugonjwa.

Gharama iliyojificha kwenye chupa

Watu wanaposikia kwamba chanjo ya sotoka ya mbuzi ni rahisi, husikia bei ya dawa iliyo ndani ya chupa. Hiyo ni sehemu ndogo. Kubwa ni safari yake.

Chanjo hii ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa na kukaushwa. Huhitaji baridi kutoka kiwandani, kupitia ghala la Bujumbura, hadi kilimani. Ikisha kuchanganywa na maji yake, lazima itumike ndani ya muda mfupi, la sivyo inamwagwa. Na kwa kawaida chupa moja hubeba dozi nyingi, mara nyingi 100. Katika nyanda za wafugaji wa kuhamahama wa Turkana au Ngorongoro, chupa ya dozi 100 huisha kwenye zizi moja. Bukirasazi, ambako kila kaya ina mbuzi wachache, chupa hiyo inadai kaya zaidi ya 25 zikutane mahali pamoja, saa moja, siku moja. Wakija wenye mbuzi 40 tu, gharama ya kila dozi iliyotumika inakuwa mara mbili na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye bajeti.

Ongeza hapo pikipiki na mafuta, ambayo yamekuwa adimu sana Burundi katika miaka ya karibuni. Ongeza posho ya mchanjaji. Ongeza pia gharama ambayo bajeti haiioni kabisa: asubuhi nzima ya mwanamke aliyeacha kupalilia ili awaburure mbuzi watatu hadi kituo cha chanjo, na pengine kurudi nao bila kuchanjwa kwa sababu chupa hazikufika. Tukio kama hilo likimpata mara mbili, mara ya tatu haji. Imani iliyopotea ni gharama pia, na kuirudisha huchukua misimu.

Kutokana na haya, uwekezaji wenye faida kubwa huenda usiwe kununua dozi zaidi. Huenda ukawa chupa ndogo zaidi, chanjo zinazovumilia joto, na kuwalipa kwa uhakika wahudumu wa afya ya mifugo wanaoishi kilimani humo humo, wanaoijua kila kaya na wanaoweza kuwakusanya watu kwa neno la jana jioni. Faranga inayotumika kupunguza safari inaongeza idadi ya mbuzi wanaofikiwa kuliko faranga inayonunua dozi itakayomwagwa.

Magonjwa hayafanani

Kosa linalorudiwa katika mipango mingi ni kuyatia magonjwa yote katika kapu moja la "chanjo". Kila ugonjwa una hesabu yake.

Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ulikadiriwa kuzigharimu nchi 11 za Afrika, Burundi ikiwamo, dola milioni 168 kwa mwaka 1989. Lakini huu ni ugonjwa ambao mwenye ng'ombe anaweza kujikinga nao peke yake. Akinyunyizia dawa ya kupe au akimchanja ndama wake kwa ile chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, faida karibu yote ni yake, hata jirani asipofanya lolote. Chanjo hiyo ni ghali, na huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika. Kwa ng'ombe chotara wa maziwa, ambaye ni mwepesi kuugua kuliko Ankole wa asili na ana thamani kubwa, bado inalipa. Hapa busara ni mfugaji alipe, na kazi ya serikali ni kuhakikisha dawa inapatikana na si ya bandia.

Kideri cha kuku kinafanana na ndigana katika hilo, ila kwa kiwango kidogo. Chanjo aina ya I-2, inayostahimili joto kwa muda na kutiwa kwa tone moja la jicho kila baada ya miezi minne, imetumika vijijini Tanzania na Msumbiji kwa miaka mingi, ikiuzwa kwa malipo madogo na wachanjaji wa kijijini. Kuku ni mali ya wanawake na watoto katika kaya nyingi, na ndiyo ngazi ya kwanza ya kupandia kwenda kwa mbuzi. Kwa faranga moja iliyotumika, ni vigumu kupata kinga inayowafikia maskini upesi zaidi.

Homa ya nguruwe ya Afrika haina chanjo inayotumika katika eneo letu. Kinga yake ni banda lililofungwa, kutowapa nguruwe mabaki ya nyama yasiyochemshwa, na kutomruhusu mchuuzi anayetoka zizi la jirani aingie na viatu vyake. Fedha zinazohitajika ni chache. Nidhamu inayohitajika ni kubwa. Elimu hapa ina thamani kuliko dawa.

Ugonjwa wa miguu na midomo unaonyesha jinsi jibu linavyobadilika kwa mahali. Uingereza, mwaka 2001, ilichinja wanyama zaidi ya milioni 6 na kupata hasara ya takriban pauni bilioni 8, kwa kuwa biashara yake ya nje ilitegemea kutokuwa na ugonjwa huo kabisa. Kwa mkulima wa Gitega asiyeuza nje nyama yoyote, ng'ombe mkubwa aliyeupata hupungukiwa maziwa na kushindwa kazi, lakini mara nyingi hupona. Virusi vyake viko vya aina kadhaa, chanjo lazima ilingane na aina iliyopo, na kinga yake huchuja baada ya miezi kama sita. Kuchanja kila ng'ombe wa Burundi mara mbili kwa mwaka kungemeza bajeti ambayo ingewakinga mbuzi wote. Kusema hivyo si kuwapuuza wenye ng'ombe. Ni kukiri kwamba faranga moja haitumiki mara mbili.

Sotoka ya mbuzi iko upande wa pili kabisa. Inaambukiza kwa pumzi na kwa kugusana, inaua wengi, chanjo yake hudumu, na mbuzi aliyechanjwa humkinga pia yule ambaye hajachanjwa kwa kuukatia ugonjwa njia. Hapo ndipo tatizo la nani alipe linapoanza. Jirani zangu wote wakichanja, mimi nisiyechanja napata kinga ya bure. Kila mtu akifikiri hivyo, hakuna anayechanja. Mkakati wa dunia uliozinduliwa na FAO na shirika la afya ya wanyama duniani (OIE) mjini Abidjan mwaka 2015, wenye shabaha ya kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, ulijengwa juu ya wazo kwamba sehemu kubwa sana ya kundi lazima iwe na kinga ili maambukizi yakatike. Kutoza ada kwa chanjo ya namna hii ni kuwafukuza wale tunaowahitaji waje.

Na sheria ya kufugia zizini muda wote? Burundi iliipitisha Oktoba 2018 na kuanza kuitekeleza Oktoba 2021, ikikataza mifugo kuzurura. Kwa magonjwa ya kugusana, kufungia hupunguza makutano ya wanyama, na hiyo ni kinga ya kweli. Kwa ndigana kali picha ina pande mbili: kupe hupungua, lakini majani yanayokatwa bondeni na kuletwa zizini huweza kuwabeba, na ng'ombe aliyekua bila kukutana na ugonjwa hana kinga anapokutana nao ukubwani. Tena gharama ya sheria hiyo, yaani zizi, malisho ya kukata na mikono ya kuyakata, imeangukia kaya moja moja. Kaya maskini iliyokosa malisho na ikamuuza mbuzi wake wa mwisho inastahili kuhesabiwa upande wa gharama.

Somo la sotoka ya ng'ombe

Anayetaka ushahidi kwamba subira katika kinga hulipa, na kwamba kuacha njiani huumiza, autazame ugonjwa uliokwisha kufutwa duniani. Sotoka ya ng'ombe iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880 kupitia Massawa, ikashuka hadi nchi za Maziwa Makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati Burundi ikiwa chini ya Mwami Mwezi Gisabo. Katika maeneo mengi ilikadiriwa kuua ng'ombe tisa kati ya kila kumi. Njaa iliyofuata iliua watu wasiohesabika na kuziacha falme nyingi dhaifu mbele ya wakoloni.

Chanjo bora ilibuniwa Muguga na Walter Plowright na wenzake karibu na mwaka 1960. Mradi wa pamoja uliojulikana kama JP15, wa 1962 hadi 1976, uliichanja mifugo ya nchi 22 za Afrika na kuukaribia ushindi. Kisha fedha zikakauka, ufuatiliaji ukalegea, mifuko michache ya maambukizi ikaachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ukarudi kwa kishindo, na kampeni nyingine kubwa, PARC, ikabidi ianze mwaka 1986. Watafiti waliopima faida ya PARC katika nchi 10 walipata kwamba kila dola iliyotumika ilirudisha kuanzia dola 1.06 Côte d'Ivoire hadi dola 3.84 Tanzania. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imetokomezwa.

Tarakimu hizo zinastahili kusomwa kwa makini. Dola 1.06 ni faida nyembamba sana. Côte d'Ivoire ingeweza kusema kwa haki kwamba fedha zake zingezaa zaidi kwingine. Lakini hesabu hiyo ilipima miaka michache ya kampeni. Faida ya kutochanja tena milele, inayoingia kila mwaka tangu 2011, haimo ndani yake. Ndiyo maana watafiti walioukadiria mpango wa kutokomeza sotoka ya mbuzi kwa upeo wa miaka 100 walipata uwiano wa faida kwa gharama wa takriban 34 kwa moja. Uwiano huo una sharti: kazi ikamilike. Kampeni inayoachwa njiani, kama JP15 ilivyoachwa, hulipa gharama ya kutokomeza na kuvuna faida ya kupunguza tu. Mbuzi huzaa haraka; ndani ya miaka michache kundi linakuwa limejaa wanyama wapya wasio na kinga, na tumerudi Desemba 2017.

Gharama ya kusubiri

Mwaka 2022 Burundi ilipata somo jingine, la homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930, huenezwa na mbu, hutoa mimba za mifugo, huua ndama na wanakondoo, na huwapata binadamu pia. Serikali ilipiga marufuku kwa muda kuhamisha na kuchinja mifugo. Hatua hiyo ilikuwa na sababu nzito. Lakini ililipiwa na nani? Mchinjaji, muuza mishikaki, mbeba ngozi, mama aliyetaka kuuza ng'ombe ili alipe hospitali: watu ambao wengi wao mnyama wao hakuugua kamwe.

Mlipuko wa 2006 na 2007 nchini Kenya ulifanyiwa hesabu na kuonekana umeigharimu nchi hiyo zaidi ya shilingi bilioni 2.1, kama dola milioni 32, na sehemu ya hasara hiyo ilitoka nje ya zizi, kwa wafanyabiashara, machinjio na wasafirishaji. Hiyo ndiyo sehemu inayosahaulika tunapoilinganisha kinga na vifo vya mifugo pekee.

Hata hivyo homa ya Bonde la Ufa pia inatuonya tusipende kuchanja kila kitu kila mwaka. Huja baada ya miaka mingi, mvua zikizidi. Kuchanja kila mwaka kwa ugonjwa wa namna hiyo ni ghali, na chanjo ya zamani ya virusi hai huweza kumtolesha mimba mnyama. Mwaka 2006 vipimo vya setilaiti vya mvua na uoto vilitoa onyo wiki kadhaa kabla ya mlipuko. Onyo lilikuwapo, dozi na wachanjaji hawakuwa tayari. Kwa ugonjwa huu, kinga yenye faida ni akiba ya dozi ghalani, maofisa wanaoripoti mimba zinazotoka, na mpango wa fidia ulioandikwa kabla ya mvua.

Nani atoe fedha

Mfano wenye msaada unatoka mbali, Mongolia, ambako ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo huwaambukiza watu homa ya muda mrefu. Watafiti walihesabu kwamba chanjo ya mifugo kwa nchi nzima ingegharimu dola milioni 8.3 na kuleta faida ya dola milioni 26.6. Wizara ya afya peke yake isingeweza kuona sababu ya kulipa zote, wala wizara ya kilimo. Lakini kila upande ukilipa kwa kadiri ya faida yake, afya ikitoa kama asilimia 11 tu, kazi inalipa kwa wote.

Burundi inaweza kuifuata kanuni hiyo. Ndigana kali na kideri vilipiwe na mfugaji, kwa bei inayomwezesha mchanjaji wa kilimani kuishi kwa kazi yake. Sotoka ya mbuzi ilipiwe na serikali na washirika wake hadi kampeni ikamilike, kwa sababu faida yake inavuka kila ua. Miradi ya kugawa mifugo ibebe kinga ya wanyama wake ndani ya bajeti yake. Magonjwa yanayowapata watu yachangiwe na wizara ya afya. Na mfugaji anayeripoti mnyama mgonjwa mapema apate fidia, hata ndogo, kwa sababu asipolipwa ataendelea kumkimbiza sokoni, na soko litatuzidi nguvu sote.

Muyinga inaongeza sharti la mwisho. Kupitia mpaka wa Kobero, mkoa huo unatazamana na Tanzania, na biashara ya mifugo haingoji mihuri. Virusi vya Gitega, vinavyofanana kwa karibu na vile vya Kenya na Uganda, vimeshatuonyesha kwamba kila nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inabeba gharama ya ulegevu wa mwenzake. Tanzania ikichanja Kagera mwezi mmoja na Burundi ikachanja Muyinga mwaka unaofuata, kila moja imenunua nusu ya kinga kwa bei ya kinga nzima. Kupanga kampeni za pande mbili za mpaka kwa wiki zile zile hakugharimu dozi hata moja ya ziada.

Watakuwapo watakaouliza, kwa haki, kama fedha hizo hazifai zaidi kwa dawa za hospitali au mbolea. Ni swali zuri, na njia ya kulijibu ni kuchagua: kuacha kuchanja kila ugonjwa kwa kila mnyama, kuweka fedha chache pale zinapokata maambukizi, na kutoianza kampeni tusiyokusudia kuimaliza. Mbuzi 4,000 waliokufa katika mikoa mitano walikuwa samadi, ada na akiba za maelfu ya watu ambao hawakuulizwa. Wanaopanga bajeti ya mwaka ujao wanaweza kuwauliza sasa, kilima kwa kilima: mbuzi wenu wangapi, mnada uko wapi, na chupa ya dozi 100 mnaweza kuimaliza siku gani. Majibu ya maswali hayo matatu yataongoza matumizi ya fedha kuliko wastani wowote wa taifa.